Matawi 14, mkataba wa MPLS unaisha: SD-WAN ipangweje ili simu zisikatike?

Laini_Mbili

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii kwa mikono. Vipeperushi vya wauzaji nimeshavisoma vya kutosha.

Hali ilivyo: makao makuu na matawi 14. Kila tawi lina MPLS (laini ya binafsi ya kukodi kutoka kwa mtoa huduma) ya 10 Mbps, na intaneti yote hupita makao makuu kwanza ndipo itoke nje. Mkataba unaisha baada ya miezi sita. Wazo lililopo mezani ni kila tawi kupata faiba ya kawaida ya intaneti (50 Mbps kushuka, 20 kupanda) pamoja na LTE kama akiba, na SD-WAN (mfumo unaopima laini kadhaa na kuchagua ya kupitishia trafiki) ipande juu yake. Makao makuu yatakuwa na faiba mbili za 500 Mbps kutoka kampuni mbili tofauti.

Vinavyopita: simu za IP kwa G.711, namna ya kuigeuza sauti kuwa data (tawi kubwa hufika simu 8 kwa wakati mmoja), mfumo wa uhasibu kwenye seva za makao makuu, halafu barua pepe na mikutano ya video iliyoko kwenye wingu. Matawi yenyewe kwa yenyewe hayaongei sana, isipokuwa simu.

Ninayouliza:
1. MPLS iondoke kabisa au ibaki kidogo?
2. Intaneti itoke moja kwa moja tawini au iendelee kupita makao makuu?
3. Faiba ikifa, simu inayoendelea itapona kweli?
4. Nahamisha vipi tawi moja moja bila kuvuruga yaliyobaki?

---

MzeeWaRuta

Ndugu, umeleta takwimu, hivyo kuna cha kujibu. Naanza na la kwanza, kisha niguse mambo mawili ambayo hukuyauliza lakini ndiyo yatakayokusumbua.

MPLS inaweza kuondoka. Ila jua unachokiacha: mtoa huduma wa MPLS huheshimu alama za DSCP (alama za kipaumbele kwenye pakiti) njia nzima kadiri ya mkataba. Kwenye intaneti, ile EF (46) unayoipachika kwenye pakiti ya sauti haina mwenyewe ikishatoka mlangoni kwako. SD-WAN haileti upya heshima hiyo. Inapima laini ulizonazo na kuchagua iliyo nzuri kwa saa hiyo. Zote mbili zikiwa mbovu kwa pamoja, itakuchagulia iliyo mbovu kidogo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima laini, wiki nzima, saa za kazi zikiwemo. `mtr` kutoka tawi hadi anwani ya umma ya makao makuu, na `iperf3 -u -b 2M` pande zote mbili kila baada ya dakika kumi na tano. Usitumie tovuti za kupima kasi. Zile hufungua vikao vingi vya TCP kwa wakati mmoja na kukuonyesha kasi ya juu, wakati sauti inaumizwa na pakiti zinazopotea na mtikisiko, yaani tofauti ya muda wa kufika kati ya pakiti na pakiti. Kwa sauti lenga upotevu chini ya asilimia 1, mtikisiko chini ya ms 30, na ucheleweshaji wa upande mmoja chini ya ms 150, ambao ndio mstari wa ITU-T G.114.

Ukiwa hapo, angalia njia ya kimwili. Kampuni mbili za makao makuu zinaweza kuwa zimekodi faiba kwenye mtaro uleule, hata kebo ileile. Waulize kwa maandishi kila moja inaingilia upande gani wa jengo na inaunganishwa kituo kipi. Na modemu ya faiba iwe kwenye UPS pamoja na kifaa cha SD-WAN. Watu huweka UPS kwenye kifaa kikubwa, wakasahau kisanduku kidogo cha kampuni kilichoning'inia ukutani.

Sasa hayo mawili.

La anwani. Modemu nyingi za faiba huja na 192.168.1.0/24 upande wa ndani. Kama LAN ya tawi nayo ni 192.168.1.0/24, kifaa chako kitakuwa na mtandao mmoja pande zote mbili na hakuna njia itakayofanya kazi sawasawa. Weka modemu kwenye hali ya daraja. Ikishindikana, badilisha anwani za ndani za modemu. Pia kagua iwapo laini iko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (wateja wengi hutumia anwani moja ya umma): kifaa kikipewa anwani ndani ya 100.64.0.0/10, tawi hilo halifikiki kutoka nje. Handaki (njia iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti) ni lazima lianzishwe na tawi kuelekea makao makuu. Kwa umbo la kitovu na matawi hilo si tatizo. Kwa mahandaki ya tawi kwa tawi ni tatizo: NAT inayobadilisha namba ya poti kwa kila anayeendewa, ikiwa pande zote mbili, handaki halitasimama. LTE ndivyo zilivyo mara nyingi.

La ukubwa wa pakiti. Hili nitalirudia hadi nichoke. Handaki la IPsec huongeza vichwa vyake, baiti 50 hadi 80 hivi kulingana na usimbaji, pamoja na 8 za UDP poti 4500 inapopita NAT. Pakiti ya 1500 haiingii tena kwenye laini ya 1500. Ikiwa mtu njiani amezuia ICMP aina ya 3 kodi ya 4, mtumaji haambiwi apunguze. Dalili yake inachanganya sana: ping inapita, ukurasa wa kuingia unafunguka, ukibonyeza ripoti kubwa kila kitu kinaganda. Utalaumu seva siku tatu. Pima hivi kwenye Linux:

`ping -M do -s 1472 anwani`

Kwa Windows ni `ping -f -l 1472 anwani`. Namba hiyo ni mzigo tu. Jumlisha 28 (20 za IP, 8 za ICMP) upate 1500. Shusha hadi ipite, kila laini, kila tawi. Lete majibu hapa tufanye hesabu.

---

Kebo_Chini

Naafikiana na MzeeWaRuta, isipokuwa la kuing'oa MPLS yote mara moja. Acha matawi mawili makubwa yabaki na MPLS ndogo kwa miezi mitatu baada ya kuhama, kama laini ya tatu kwenye sera. Hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. G.711 ya ms 20 ni pakiti 50 kwa sekunde, kila moja baiti 160 za sauti na 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP. Ukiongeza takriban 80 za handaki unapata 280 × 50 × 8 = 112 kbps kila upande. Simu 8 ni kama 0.9 Mbps. MPLS ya 2 Mbps inabeba sauti yote ya tawi kubwa na nafasi inabaki.

---

Foleni46

Mimi nichukue la tatu, maana hapa ndipo wauzaji wanapotia chumvi.

Simu inayopita ndani ya handaki inapona. Sababu ni kwamba anwani za simu na za seva ya simu hazibadiliki. Kinachobadilika ni laini inayobeba handaki. Mtu atasikia ukimya kwa muda ule ambao kifaa kinahitaji kugundua kwamba laini imekufa, basi. Muda huo ni hesabu ya kuzidisha. Cisco Catalyst SD-WAN kwa mipangilio ya kiwandani hutuma pakiti ya BFD (ya kupima kama laini iko hai) kila ms 1000 na kusubiri 7 zikosekane, yaani sekunde 7. Kwa simu, sekunde 7 ni mtu ameshakata. Kwenye faiba shusha hadi ms 300 mara 5, inakuwa sekunde moja na nusu. Kwenye LTE usithubutu. Laini ya redio hukohoa yenyewe kila mara na handaki litapanda na kushuka mchana kutwa. Huko iache sekunde 1 mara 7.

Kufa kabisa ndiyo hali nyepesi. Ngumu ni laini inayougua: ping inapita, pakiti 3 katika 100 zinapotea. Hapo kinafanya kazi kizingiti cha sera, na kosa la kawaida ni kuweka kizingiti kikali pamoja na dirisha fupi. Fanya hesabu: pakiti moja ya kupima kwa sekunde, dirisha la sekunde 60, una sampuli 60. Moja tu ikipotea ni asilimia 1.67. Ukiwa umeweka kizingiti cha asilimia 1, pakiti moja imehamisha simu zote kwenda LTE. Ama urefushe dirisha, ama uongeze idadi ya pakiti za kupima, ama ukubali kizingiti cha 3. Na Cisco hiyohiyo kwa mipangilio ya kiwandani iko upande wa pili kabisa: hukusanya kwa dakika 10 na kutazama vipindi 6, hivyo laini inaweza kuugua muda mrefu kabla sera haijashtuka. Zote mbili zinahitaji mkono wako.

Weka pia muda wa kusubiri kabla ya kurudi. Faiba ikipona, isirejeshewe simu mara moja. Dakika 5 za vipimo safi mfululizo ndipo irudi. Bila hilo unapata mchezo wa kwenda na kurudi, na kila hamisho moja ni mkwaruzo kwenye sikio la mteja.

Kuhusu pakiti za akiba: vifaa vingi vina njia ya kurekebisha makosa mbele, kwa mfano pakiti 1 ya ziada kwa kila 4. Inakuongezea trafiki kwa asilimia 25 na inaokoa pakiti moja iliyopotea katika kila kundi la pakiti nne. Zikipotea mbili zilizofuatana, haikusaidii, na intaneti hupenda kupoteza kwa mafungu. Kwa sauti napendelea kurudufu, pakiti ileile ipite faiba na LTE kwa pamoja. Ila usiiache wazi saa zote: simu moja ni 224 kbps ukijumlisha kwenda na kurudi, sawa na MB 100 kwa saa. Simu 8 kwa saa 8 ni zaidi ya GB 6 kwa siku kwenye kifurushi cha LTE. Iwashe pale tu faiba inapovuka kizingiti.

---

Laini_Mbili

Mungu awabariki. Nimepima matawi yote 14:

- Faiba, matawi 11: mzigo wa 1472 unapita.
- Faiba, matawi 3: mwisho ni 1464.
- LTE: mengi yanaishia 1400, mawili yanapita 1432.
- Matawi 3 faiba iko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (100.70.x.x). LTE zote ziko nyuma ya NAT.

Muuzaji anatupendekezea wavu kamili, kila tawi na kila tawi, "ili simu zisizunguke". Ni sawa?

---

MzeeWaRuta

Majibu safi. 1464 + 28 = 1492, hiyo ni PPPoE (itifaki ya kumuunganisha mteja na mtoa huduma) inakula baiti 8. LTE ya 1400 maana yake MTU (pakiti kubwa kuliko zote inayopita) ya 1428.

Unaweza kuwa na thamani tofauti kwa kila laini, lakini kumbuka kikao kilichoanza kwenye faiba kinaweza kuhamia LTE katikati. Kwa hiyo kanuni yangu ni kupanga kwa laini ndogo kuliko zote: 1428 toa 80 ni 1348. Weka MTU ya handaki 1340, na MSS ya TCP, yaani data ndani ya pakiti moja, 1300 (toa 20 za IP na 20 za TCP). Unapoteza asilimia chache za ufanisi na unapata usingizi. MSS irekebishwe pande zote mbili, tawini na makao makuu. Ukirekebisha upande mmoja wa safari kwenye vifaa vinavyogusa SYN (pakiti ya kuanzisha kikao cha TCP) inayotoka tu, faili zitashuka vizuri na kupanda kutakwama, au kinyume chake. Kumbuka pia kwamba MSS inaiponya TCP peke yake. Mikutano ya video inayotumia UDP hujipangia ukubwa wake, kwa kawaida chini ya 1300, kwa hiyo haitakusumbua.

Wavu kamili kwa hali yako: hapana. Maeneo 15 ni jozi 105. Kila eneo lina laini mbili, na zote zikiruhusiwa kuungana na zote ni mahandaki 4 kwa jozi, yaani 420. Kwenye LTE ya tawi moja yanapita 28. Kila handaki linapimwa. Chukua pakiti ya kupima ya baiti 100 kila sekunde: ni MB 259 kwa mwezi kwa upande mmoja, 518 kwenda na kurudi. Zidisha kwa 28 unapata GB 14.5 kwa mwezi, kila tawi, kabla mtu hajapiga simu hata moja. Kwa kitovu na matawi LTE ya tawi inabeba mahandaki 2, kama GB 1. Vifaa vingine vina hali ya "laini ya mwisho" ambapo handaki la LTE halisimami mpaka nyingine zife. Inaokoa data, lakini ongeza sekunde kadhaa za kusimamisha handaki kwenye muda wa kuhama. Kwa simu siipendi.

Halafu, kwa NAT uliyoitaja, sehemu ya huo wavu haitasimama kabisa. Utabaki na wavu wenye matundu, na hakuna kitu kigumu kuchunguza kama mtandao ambao tawi A linaongea na C moja kwa moja lakini na B kwa kuzunguka.

Simu zikizunguka makao makuu zinaongeza nini? Jumlisha ucheleweshaji wa miguu miwili. Ikiwa tawi hadi makao makuu ni ms 25 kwa upande mmoja, tawi hadi tawi ni 50. Uko mbali na 150.

---

pakiti_ndogo

La pili halijaguswa, niliguse.

Vya wingu vitoke tawini. Uhasibu na simu vipite kwenye handaki. Lakini kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni DNS. Tawi likiendelea kuuliza DNS ya makao makuu, huduma ya wingu itakuelekeza kwenye seva iliyo karibu na makao makuu, sio karibu na tawi. Umetoa intaneti tawini, bado safari ni ndefu. Gawanya: majina ya ndani yaende DNS ya makao makuu, yaliyobaki yaulizwe kupitia laini ileile itakayobeba data.

Mtego wa pili ni pakiti ya kwanza. Kifaa kinatambua programu kwa kuchungulia ndani ya mazungumzo, na SYN haina cha kuchungulia. Kikao kikishaanza njia A hakiwezi kuhamishiwa B katikati iwapo kuna NAT, maana anwani ya umma itabadilika na seva itakikataa. Kwa hiyo safari ya kwanza ya programu mpya inaweza kupita njia isiyotakiwa, na kifaa kikajifunza kwa ajili ya safari ya pili. Kwa huduma kubwa za wingu tumia orodha za anwani na majina zinazochapishwa na wenye huduma, zinazojisasisha zenyewe kwenye kidhibiti. Usitegemee uchunguzi wa ndani ya pakiti peke yake.

Hilo linatupeleka kwenye mtego wa tatu, unaogusa swali la tatu, na hapa namsahihisha kidogo Foleni46: simu inapona kwa sababu iko ndani ya handaki. Mkutano wa video unaotoka moja kwa moja tawini haulindwi hivyo. Faiba ikifa, kikao kinavunjika na programu inajiunga upya yenyewe kwa LTE. Sekunde kadhaa za picha iliyoganda. Tovuti za benki ni kali zaidi: zikiona anwani ya mtumiaji imebadilika zinamtoa nje. Kwa hizo, funga sera ishikilie laini moja, na usigawe mzigo kikao kwa kikao kati ya faiba na LTE.

La usalama ni fupi: leo fayawoli yako ni moja, makao makuu. Ukitoa intaneti tawini una milango 14 mipya. Ama kifaa cha tawi kiwe na ukaguzi kamili, ama trafiki ya tovuti ipitie huduma ya ukaguzi iliyoko kwenye wingu. Na ukiwasha ukaguzi wa uvamizi kwenye kifaa, soma kasi yake kwa hali hiyo. Namba kubwa kwenye karatasi ya bidhaa hupimwa kwa pakiti kubwa na ukaguzi umezimwa; simu ni pakiti ndogo za baiti 200. Uliza muuzaji: IPsec, utambuzi wa programu na ukaguzi vyote vimewashwa, mchanganyiko wa pakiti za ukubwa mbalimbali, ni Mbps ngapi kwa jumla ya pande zote mbili? Kwa tawi lako unahitaji 70 pamoja na nafasi ya kukua.

---

Foleni46

Sahihisho nimelipokea, mkuu.

Niongeze foleni, maana jina nimejipa mwenyewe. Foleni inatakiwa itokee ndani ya kifaa chako, pale unapoamua nani atangulie. Ukiiacha itokee ndani ya modemu, modemu haijui sauti ni nini. Bana kasi ya kupanda iwe asilimia 90 hadi 95 ya iliyopimwa, sio ya kwenye mkataba. Faiba ya 20 ikipimwa 18 saa za kazi, bana 16.5.

Upande wa kushuka watu husahau. Makao makuu yana 500 Mbps, tawi lina 50. Mtu wa tawi akivuta faili kubwa kutoka seva ya uhasibu, makao makuu yataisukuma kwa nguvu zote na foleni itajaa kwenye vifaa vya mtoa huduma wa tawi, ambako huna amri. Dawa ni kubana kwa kila handaki kule makao makuu: handaki la tawi hili lisizidi 45 Mbps, sauti itangulie ndani yake. Uliza kama kifaa unachouziwa kinaweza hilo. Vingi vya bei rahisi haviwezi.

---

Laini_Mbili

Tumejaribu tawi moja kwenye maabara kwa mipangilio hiyo. Tukijaza laini kwa makusudi, sauti iko safi, lakini trafiki ya kawaida inaonyesha upotevu wa asilimia 2 hadi 4 ndani ya handaki. Nje ya handaki, laini ileile haina upotevu hata pakiti moja. Foleni nazo hazionyeshi kutupa kitu. Zinapotelea wapi?

---

Foleni46

Tazama kaunta za IPsec upande wa kupokea, utafute pakiti zilizokataliwa kwa ulinzi wa marudio. Kila pakiti hupewa namba ya mfuatano inaposimbwa, na mpokeaji hukubali tu zilizo ndani ya dirisha. RFC 4303 inapendekeza 64. Kama kifaa chako kinasimba kwanza kisha kinapanga foleni, pakiti ya kawaida inapewa namba, inasubiri foleni, sauti inapita mbele yake. Zikitangulia zaidi ya 64, ile ya nyuma ikifika inaonekana ni ya zamani na inatupwa. Ndiyo maana inatokea laini inapojaa tu. Ongeza dirisha hadi 1024 au zaidi pande zote mbili. Vifaa vingine vina mfuatano tofauti kwa kila daraja la foleni, hiyo ni bora zaidi.

Onyo dogo: ukija kuwasha ugawaji wa pakiti moja moja kati ya laini mbili, ugonjwa huuhuu utarudi kwa sababu nyingine, maana faiba na LTE hazifiki kwa wakati mmoja. Gawa kikao kwa kikao.

---

Laini_Mbili

Ilikuwa 64. Nimeweka 2048, upotevu umeisha. Limebaki la nne.

---

MzeeWaRuta

Uhamishaji. Mpangilio wangu ni huu:

1. Anza na makao makuu. Weka vifaa viwili vya SD-WAN kando ya ruta ya MPLS, sio badala yake. Vyote viongee na swichi kuu kwa itifaki ya njia, BGP ikiwezekana.
2. Kila njia inayotoka SD-WAN kuingia mtandao wa zamani ipachikwe alama, mfano 100. Kila inayotoka MPLS ipachikwe 200. Kwenye mpaka wa SD-WAN kataa kupokea tena yenye 100. Kwenye mpaka wa MPLS kataa yenye 200. Bila hili, tawi lililo na laini zote mbili wakati wa kuhama litajifunza njia kutoka upande mmoja na kuzitangaza upande wa pili, na trafiki itazunguka hadi TTL iishe.
3. Tafuta njia za mkono kwenye ruta na fayawoli za makao makuu. Hapa ndipo siku ya kuhama huharibika. Mtu aliandika miaka mingi iliyopita njia ya /24 ya tawi kuelekea MPLS. Wewe SD-WAN inatangaza muhtasari wa /16. Njia iliyo mahususi zaidi (hapa ile ya /24) hushinda daima, hivyo trafiki inakuja kwa SD-WAN na kurudi kwa MPLS. Fayawoli haijaiona SYN, inaitupa SYN-ACK. Ping inaweza kupita, kwa hiyo huenda usishtuke haraka.
4. Tawi la kwanza liwe dogo lakini lenye simu. Liache wiki mbili, ukiwa na vipimo vya kabla na baada.
5. Kisha matawi mawili kwa usiku. Kurudi nyuma kuwe ni kuinua kipaumbele cha MPLS, sio kuchomoa nyaya.

Kwa matawi ambayo hakuna fundi: kifaa kinachojisajili chenyewe kinahitaji DHCP, DNS na kutoka nje kwenye poti 443, na kebo iwe imechomekwa poti sahihi ya WAN. Andika kwa rangi kwenye kifaa kabla ya kukituma. Kikigoma kujisajili, kagua saa yake. Kifaa kilichokaa stoo kikiamini ni miaka mitatu iliyopita kitaona vyeti vyote si halali bado, na NTP haijafikiwa. Na peleka toleo la programu likiwa limeshasasishwa. Kupakua faili kubwa la programu kwa LTE siku ya kwanza ni kujitesa.

Jaribio la mwisho kabla ya kuondoka tawini: weka simu mbili hewani, chomoa faiba. Kisha rudisha faiba, punguza kasi yake kwa makusudi na ongeza upotevu wa asilimia 5; kompyuta ya Linux katikati yenye `tc netem` inatosha. Jaribio la kuchomoa kila mtu hulifaulu. La pili ndilo linaloonyesha kama vizingiti vimepangwa.

---

Kebo_Chini

Na kidhibiti kikuu kikipotea? Liulize muuzaji mapema. Mifumo mizuri huendelea kupitisha data kwa njia zilizojulikana. Cisco kwa kawaida hushikilia njia kwa saa 12 bila kidhibiti. Mingine haifanyi hivyo, na leseni ikiisha muda mingine hushusha kasi au kuzima mahandaki. Hilo liwe kwenye mkataba.

---

pakiti_ndogo

Kwa atakayesoma huku bajeti imembana: matawi machache unaweza kujenga kwa Linux, WireGuard (ya mahandaki) na FRR (ya itifaki za njia). Interface moja kwa kila mwenzako na kila laini, AllowedIPs 0.0.0.0/0 na `Table = off`, maana ukiwaweka wengi kwenye interface moja AllowedIPs itagombana na BGP. PersistentKeepalive 25 kwa walio nyuma ya NAT. BGP juu yake, na BFD ya FRR ambayo kwa kawaida ni ms 300 mara 3. Kwenye LTE ilegeze. Kinachokosekana ni kuhama kwa sababu ya ubora: BFD inajua kufa, haijui kuugua, hivyo itabidi uandike skripti inayopima na kubadilisha kipaumbele cha BGP. Kwa matawi manne inawezekana. Kwa 14, ukiwa fundi mmoja, nunua.

---

Laini_Mbili

Tunanunua. Kitovu na matawi, MTU 1340, MSS 1300, MPLS ndogo ibaki kwenye matawi mawili makubwa. Usiku huu naanza na namba 3 ya MzeeWaRuta: nimeshapata njia za mkono 9 kwenye fayawoli, mbili kati yake za matawi ambayo yalishafungwa.

---

MzeeWaRuta

Angalia na swichi kuu pia.